Kompyuta za Kale na Jinsi Zinavyoigizwa

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za kazi iliyofanyika katika chumba chetu cha kompyuta mwaka 2023, kwa kuwa wengi wamezisikia nusunusu, na wengine wamekwisha kuzitia chumvi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba aniachie nafasi nieleze na elimu iliyo nyuma ya kazi ile, maana bila elimu hiyo habari yenyewe itafanana na mazingaombwe. Kiswahili changu nilikipata Kakuma kambini, nikicheza mpira na watoto wa mataifa mengi. Hapa Juba sokoni twasema Kiarabu chetu, na kalamu yangu imeota kutu kidogo. Wasomaji wanivumilie.

Mambo yalianza asubuhi moja ya mwezi wa Machi. Mzee mmoja alifika ofisini kwa Mwalimu Mkuu, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, akasema kuwa yeye ni mwanafunzi wa zamani, alimaliza hapa mwaka 1984. Vyeti vyake vyote viliteketea nyumba yake ilipoungua katika mapigano ya Julai 2016. Sasa kazini kwake walikuwa wakikagua karatasi za watumishi wote, na asiye na karatasi alipewa miezi miwili tu. Hakuomba fedha wala msaada mwingine. Aliomba barua yenye muhuri wa shule, ioneshe kwamba alisoma hapa, na alama alizopata.

Barua si kazi ngumu. Shida ilikuwa alama. Lile daftari kubwa la alama za miaka ile halipo tena, mchwa walilila. Lakini wazee wa shule walikumbuka jambo moja. Mwaka 1994 Bruda mmoja aliyefundisha hisabati, ambaye sasa ni marehemu, aliona mchwa wameanza kazi yao. Alipokwenda likizo Nairobi akalichukua daftari, akakaa mwezi mzima mbele ya kompyuta ya misheni akinakili alama za miaka kumi na miwili, toka 1978 mpaka 1989. Alirudi na disketi nne ndani ya mkebe wa biskuti. Mkebe ule ulikaa juu ya kabati la sakristia karibu miaka thelathini, ukapita vita na amani, na hakuna aliyeushughulikia, maana kompyuta zilizokuja baadaye hazina hata tundu la kuingizia disketi.

Kwa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza: disketi ni kibamba cha plastiki, upana wake kama kiganja, na ndani yake mna duara jembamba lililopakwa unga wa sumaku. Maandishi hukaa katika unga huo. Disketi nzima haitoshi kuhifadhi hata picha moja nzuri ya simu zenu.

Mwalimu wetu wa kompyuta aliagiza kisomeo cha disketi kutoka Kampala, cha kuchomeka kwa waya. Disketi ya kwanza ikasomeka, ya pili ikasomeka, ya tatu ikasomeka. Ya nne ilitoa sauti kama panya atafunaye karatasi, kisha ikanyamaza. Hata hivyo tulishangilia, kwa kuwa mwaka 1984 ulikuwa katika disketi ya tatu. Tukalifungua jedwali. Halikuwa na majina, nambari tupu. Majina yalikuwa katika disketi ya kwanza, kila jina na nambari yake ya kuandikishwa. Tukatafuta jina la mzee, tukapata nambari yake, tukarudi katika jedwali na kuusoma mstari wake. Hisabati, 29. Kiingereza, 36. Hakuna somo hata moja lililofika 50.

Mimi ndimi niliyesoma kwa sauti, na mpaka leo naona haya. Mzee hakugomba. Aliniambia, "Mwanangu, Bruda alinipa mkono mbele ya darasa zima kwa ajili ya hisabati. Hiyo ishirini na tisa ni ya mtu mwingine."

Mwalimu akaitazama tena disketi ya kwanza. Kando ya orodha ya majina palikuwa na kitu kingine kidogo ambacho hatukukijali: programu aliyoiandika Bruda mwenyewe kwa ajili ya kutolea taarifa za wanafunzi. Alipoiamuru ifanye kazi, kompyuta yetu ilikataa, kwa kuwa programu ile iliandikwa kwa mashine za DOS, ambazo zamani zao zimekwisha pita. Basi akaweka programu nyingine iitwayo DOSBox, ambayo kazi yake ni kuigiza mashine za namna ile, akaifungua programu ya Bruda ndani yake. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno machache yakiuliza nambari ya mwanafunzi. Tukaiandika. Hisabati, 71. Kiingereza, 64.

Msomaji mwenye kupenda hesabu amekwisha kuona. Bruda hakuweka alama zenyewe katika jedwali. Aliweka upungufu wake toka mia. Nadhani aliogopa macho ya vijana waliokuwa wakimsaidia kupanga karatasi. Siri hiyo hakuiandika mahali popote ila ndani ya programu. Mwalimu Mkuu hakuridhika upesi, na alifanya vema: aliwatafuta wanafunzi wa zamani watatu wa miaka ileile walioko mjini ambao vyeti vyao vilipona, akalinganisha somo kwa somo. Zote zililingana. Mzee akapata barua yake.

Ningependa hapo msimame kidogo. Jedwali tulikuwa nalo, limehifadhika vizuri, halina tarakimu hata moja iliyopotea, na bado lingetufanya tumwandikie mtu barua ya uongo yenye muhuri. Kilichojua ukweli ni programu, na programu haiwezi kusema neno ila iwe na mashine yake, au kitu cha kuigiza mashine yake.

Toka siku ile sikutulia. Nilimwuliza Mwalimu: disketi za Bruda ni za juzi tu, je, zile kompyuta za kale zaidi, za wakati wa baba zetu na babu zetu, programu zake zasomwaje leo? Akanipa programu iitwayo SIMH, akaniambia nijaribu mwenyewe. Hiyo ilianzishwa mwaka 1993 na Bob Supnik, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Huigiza mashine nyingi zilizokwisha kuacha kutengenezwa, na hutolewa bure.

Kampuni hiyo yafaa kujulikana. Iliundwa mwaka 1957 katika mji mdogo wa Maynard huko Marekani. Siku zile kompyuta ilijaza chumba kizima, ikahitaji watumishi wake kama mfalme, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuigusa. Mwaka 1965 Digital wakaanza kuuza PDP-8, mashine ya ukubwa wa friji ndogo, kwa dola 18,000. Ni fedha nyingi, lakini chuo, hospitali au kiwanda kiliweza kuzipata, na mtu mmoja aliweza kukaa mbele yake akaitumia peke yake. Ndizo zilizoitwa kompyuta ndogo, au minikompyuta. Ikafuata PDP-11 mwaka 1970, na VAX mwaka 1977. Baadaye kompyuta za mezani zikawa na nguvu kuliko hizo kwa bei ya chini sana. Mwaka 1998 Digital ikanunuliwa na Compaq, na Compaq nayo ikaingia katika HP mwaka 2002. Mashine nyingi ziliuzwa kwa chuma chakavu.

Sasa, kuigiza mashine ni nini? Katika mchezo wa kuigiza, mwanafunzi hucheza nafasi ya chifu aliyekwisha kufa. Akijua sawasawa chifu angejibu nini kwa kila neno aambiwalo, basi wasikilizaji waliofumba macho hawatatofautisha. Mashine ni rahisi kuliko chifu, kwa sababu haina hasira wala huruma. Ina orodha ya amri, na kwa kila amri hufanya jambo moja lisilobadilika. Orodha hiyo imo katika vitabu vya mtengenezaji. Digital walikuwa na desturi njema ya kuchapisha vitabu vyao kwa gharama ndogo na kuvigawa kwa wingi, na vingi vimehifadhika na kupigwa picha. Mwenye vitabu hivyo aweza kuandika programu inayotii kila amri kama ile mashine ya zamani ilivyotii.

PDP-8 ilipendwa kwa uchache wa amri zake: aina nane tu. Kumbukumbu yake ya kawaida ilikuwa na mahali 4096, na kila mahali palichukua nambari ya biti kumi na mbili, ambayo huandikwa kwa tarakimu nne za hesabu ya nane, yaani 0 mpaka 7, wala 8 na 9 hazimo. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayosema aina ya amri. Tena mashine ina mahali pamoja pa pekee panapofanyiwa hesabu. Mimi napaita kikapu.

Hii ndiyo programu yangu ya kwanza, na kila mmoja wenu aweza kuijaribu. Mahali 200 niliweka 7200, maana yake futa kikapu. Mahali 201 niliweka 1205: tarakimu 1 ni kujumlisha, na kinachojumlishwa kiko mahali 205. Mahali 202 niliweka 1206, vilevile. Mahali 203 niliweka 3207, maana yake kiweke kilichomo kikapuni katika mahali 207. Mahali 204 niliweka 7402, simama. Kisha mahali 205 nikatia 2, na mahali 206 nikatia 3. Nikaiamuru mashine ianzie 200. Ikasimama mara. Nilipochungulia mahali 207 nikakuta 0005.

Wenzangu walicheka, kwamba nimetumia nusu saa na betri ya shule kujua mbili na tatu ni ngapi. Nikatia 5 na 3. Ikajibu 0010. Wakacheka zaidi, wakisema mashine yangu ya kale imezeeka akili. Lakini katika hesabu ya nane, baada ya 7 huja 10, na mashine ilikuwa sahihi kuliko wao.

Ndani ya laptopu hapakuwa na kikapu cha chuma wala waya za mwaka 1965. Palikuwa na orodha ya nambari 4096, na nambari moja ya pembeni iliyosimama badala ya kikapu. Kiigizaji huchukua amri, hutazama tarakimu yake ya kwanza, huchagua njia moja katika nane, hufanya, kisha huchukua amri inayofuata. Huzunguka hivyo bila kuchoka. PDP-8 halisi ilitumia sehemu tatu za milioni za sekunde kujumlisha mara moja. Laptopu yetu yenye kioo kilichopasuka yapita mwendo huo kwa mbali, hata ikiwa inaigiza.

Ugumu uko katika uaminifu. Kiigizaji lazima kiige na upungufu. Kikapu cha PDP-8 hakiwezi kuzidi 7777; ukiongeza 1, hurudi 0000, na biti moja ya kando hugeuka. Laptopu yaweza kuhesabu mbele zaidi bila shida, lakini ikifanya hivyo imeharibu, kwa sababu waandishi wa zamani walilijua jambo hilo na kulitegemea katika programu zao. Vivyo hivyo kwa vyombo vya pembeni. Mashine hizo zilisoma utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, zikaandika kwa mashine ya taipu yenye kelele, nazo programu nyingi hungoja chombo kiseme kimekwisha. Kiigizaji kikijibu mapema mno, programu huchanganyikiwa.

Jambo moja katika mashine ile nililihusudu. Kumbukumbu yake ilikuwa ya vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa katika nyaya kama shanga. Umeme ukikatika, yaliyomo hubaki. Mtu anayesoma Juba kwa jenereta na sola ataelewa kwa nini niliusoma ukurasa huo mara mbili.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wasizitunze mashine zenyewe tu? Wako wanaozitunza, na kazi yao ni ya heshima. Lakini chuma huchoka, vipuri havitengenezwi tena, na nyumba ya kuvitunza huhitaji mwenye fedha. Huko Seattle palikuwa na makumbusho ya kompyuta yaliyoanzishwa na Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, ambako wageni waliruhusiwa kuzitumia mashine za kale zikiwa hai. Allen alifariki mwaka 2018. Makumbusho yalifungwa mwaka 2020 na hayakufunguliwa tena, na mwaka 2024 baadhi ya vitu vyake vilipigwa mnada. Kiigizaji, kinyume chake, chanakiliwa mara elfu kwa siku moja na hakichukui nafasi.

Wala msidhani kazi hii ni ya kujifurahisha tu. Mwaka 2013 kampuni ya GE Canada ilitafuta watu wa kuandika programu za PDP-11 kwa ajili ya mitambo ya umeme wa nyuklia, na ilitazamiwa kwamba mashine hizo zingetumika mpaka mwaka 2050. Kijana atakayejifunza amri za PDP-11 leo atakuwa mzee kabla kazi hiyo haijaisha.

Lakini habari iliyonivutia kuliko zote ni ya Unix. Hiyo ni programu kuu inayosimamia kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Waliianza katika minikompyuta ya PDP-7 isiyokuwa na kazi nyingi, kisha wakaihamishia katika PDP-11. Simu zenu na kompyuta nyingi za dunia hutumia mawazo yaliyotoka katika kazi ile. Hata hivyo, toleo la kwanza kabisa kwa PDP-11, la mwaka 1971, lilikuwa limepotea katika umbo la kufanya kazi. Kilichobaki ni maandishi ya kiini chake yaliyochapwa karatasini mwaka 1972. Mwaka 2008 Warren Toomey wa Australia pamoja na watu wa kujitolea waliziingiza kurasa hizo katika kompyuta upya, wakahangaika kutofautisha herufi O na sifuri, na herufi l na tarakimu 1, kwa kuwa kosa moja tu huiangusha mashine. Programu nyingine ndogo walizipata katika kanda za sumaku alizokuwa amezihifadhi Ritchie. Wakaviunganisha vyote ndani ya kiigizaji cha PDP-11, na Unix ikaamka. Miaka michache baadaye ile ya kwanza zaidi, ya PDP-7, nayo ikarudishwa kutoka karatasini kwa njia hiyohiyo.

Kumbe karatasi ndiyo iliyoiokoa kompyuta. Nimewaambia jambo hili wale wanaodharau maktaba yetu.

Katika kuzichimba kanda na nakala za Unix yalitokea na mambo ya kuchekesha. Mwaka 2019 neno la siri la Ken Thompson, lililokuwa limefichwa kwa hesabu tangu zamani, lilivunjwa hatimaye. Lilikuwa mwendo wa kufungulia mchezo wa sataranji.

Juba tuna habari inayofanana na hizo, ingawa haikuhusu kompyuta. Karatasi za serikali za Sudan Kusini, tangu siku za Waingereza, ziliwahi kukaa miaka kadhaa katika hema hapa mjini, zikivumilia joto, mvua na wadudu. Baada ya uhuru wa mwaka 2011, wizara yetu inayoshughulika na utamaduni ikishirikiana na Rift Valley Institute ilizipanga na kuanza kuzinakili katika kompyuta. Zile zilizopona zilisomeka, hata kama mchwa walikula pembe, kwa sababu msomaji wake ni jicho, na jicho halijabadilika tangu 1910. Nakala zake za kompyuta ndizo zitakazohitaji uangalifu wa namna nyingine. Waingereza wenyewe waliwahi kuonja. Mwaka 1986 BBC ilikusanya habari za nchi nzima, kwa msaada wa watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi wa shule, ikaziweka katika sahani za leza, kwa ukumbusho wa kitabu cha kodi cha mwaka 1086. Baada ya miaka kumi na sita tu, mashine za kuzisomea sahani zile zilikuwa adimu, ikabidi wataalamu wa vyuo vya Leeds na Michigan watengeneze kiigizaji mwaka 2002. Kitabu cha mwaka 1086 kilikuwa kingali kikisomeka.

Kuna na kizuizi cha sheria, nacho si kidogo. Programu ina mwenyewe. Kampuni ikifa, haki zake hurithiwa na kampuni nyingine ambayo pengine haijui hata ilichorithi, na mtu mwenye kiigizaji kizuri hukosa ruhusa ya kutia programu ndani yake. Kwa Unix za kale kampuni ya Caldera ilifungua mlango mwaka 2002, ikaruhusu matoleo ya zamani yatumiwe na kunakiliwa bure. Kwa programu kuu ya mashine za VAX, HP ilikuwa ikitoa ruhusa kwa wapenzi wasiofanya biashara, lakini mwaka 2020 ikatangazwa kwamba ruhusa hiyo itaachwa. Sioni faida iliyopatikana kwa kuufunga mlango ule.

Nilimwuliza Mwalimu kama mashine hizi zilifika kwetu. Katika miaka yake ya fahari, Sudan Kusini ilikuwa vitani mara mbili, 1955 mpaka 1972, na tena kuanzia 1983. Kwa jirani zetu wa Tanzania, serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mwaka uleule wa PDP-8, lakini mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza nchini kwa kuona gharama yake ni kubwa kuliko faida. Kwa hiyo kijana wa Afrika ya Mashariki aliyekuwa na umri wangu mwaka 1975 hakuwa na nafasi kubwa ya kukaa mbele ya PDP-11 na kuiharibu apendavyo. Mimi nimekaa mbele yake jioni nyingi, katika darasa lenye bati linalovuja, na nimeiangusha mara zisizo hesabu, bila kulipa hata pauni moja. Wenye kuhifadhi mashine hizi husema wanawahifadhia wale waliozitumia. Naona wametuhifadhia na sisi ambao hazikutufikia.

Sasa nirudi kwenye mkebe wa biskuti. Disketi tatu zilizosomeka zimenakiliwa zilivyo, pamoja na programu ya Bruda na DOSBox yenyewe, na nakala zimewekwa mahali patatu, mojawapo nje ya Juba. Mwalimu Mkuu aliamuru pia alama zote zichapwe, zikiwa zimekwisha kugeuzwa kuwa alama za kweli, na kufungwa kitabu chenye jalada gumu. Kimo katika sanduku la bati, na miguu ya meza yake imesimamishwa ndani ya makopo ya mafuta machafu ili mchwa wasipande.

Disketi ya nne ina miaka ya 1986, 1987, 1988 na 1989. Hatujaijaribu tena, maana kila jaribio laweza kukwangua unga uliobaki. Iko pamoja na Abuna, ambaye ataipeleka Nairobi kwa fundi mwenye vyombo vya kusomea disketi zilizoharibika. Wakati huohuo, wanafunzi wa zamani wa miaka hiyo minne mlioko Juba, Kampala, Nairobi, Khartoum au ng'ambo, mwenye cheti au taarifa ya shule yenye alama tunamwomba ailete ofisini ipigwe picha, au aipige picha mwenyewe pande zote mbili na kututumia. Hata ya muhula mmoja yafaa. Disketi ikisomeka, tutahitaji karatasi za kulinganisha nazo. Isiposomeka, karatasi hizo ndizo tutakazokuwa nazo. Na mwenye kisomeo cha disketi kisichotumika, asikitupe, kile chetu cha Kampala kimeanza kupiga kelele.